Joho Langu na Ng'ombe wa Mkwe

Wiki iliyopita niliwaacha jikoni kwa shemeji yangu Machage, kijijini Buswahili, nimejibanza nyuma ya mlango na mwiko mkononi, nikimchungulia bwana aliyekuja kumposa binti yangu Prudence. Mshenga alikuwa ametutajia ukoo tu, na ukoo ulikuwa mzuri. Ng'ombe walishaingia zizini, wazee walishakunywa, maneno yalishaisha. Ndipo mgeni akageuza uso.

Alikuwa Mwalimu Jofrey. Mwalimu wangu wa chuo.

Kwa aliyefungua safu hii leo kwa mara ya kwanza: naitwa Marieta, mjane, mpishi wa shughuli hapa Bunda. Katika umri huu wa kuitwa bibi nasoma shahada ya maendeleo ya jamii, darasa la jioni, kwenye chuo kikuu chetu cha Kikristo. Na huyo Jofrey ndiye aliyesimamia utafiti wangu.

Kwa asiye wa huku Mara niongeze jambo moja. Katika ukoo wetu mama mkwe na mkwe hawagusani. Hawashikani mikono, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Akija huku, mimi naenda kule. Ni heshima, na heshima hiyo huanza pale ng'ombe wanapovuka lango la zizi.

Sasa niambieni. Mtu ambaye juzi tu nilikuwa nampakulia ugali kwa samaki sato na kumwambia, "Mwalimu, usione haya, ongeza mchuzi," leo ni mkwe.

Nilimvuta Prudence nyuma ya ghala.

"Ulijua huyu ni mwalimu wangu?"

"Nilijua, mama."

"Ukaninyamazia?"

"Ningekuambia mapema ungeacha chuo."

Alisema kweli. Mtoto akikujua kuliko unavyojijua, unabaki kurekebisha kanga yako.

Chuo sikuacha. Nilimwomba Mungu anipe njia, akanipa dirisha.

Nilitoa kiti changu nje ya darasa, nikakiweka chini ya dirisha la nyuma, nikawa nasikia kila kitu na simwoni mtu. Mjumbe wetu akawa Dotto, kijana wa bodaboda tunayesoma naye.

"Dotto," Mwalimu alikuwa akisema kutoka mbele, "mwambie mama sura ya tatu haijakaa sawa."

"Mama, mwalimu anasema sura ya tatu..."

"Nimesikia. Mwambie nitarekebisha."

"Mwalimu, mama anasema..."

"Nimesikia, Dotto."

Dotto alilalamika kwamba chuo kinamnyonya. "Mimi nilipaswaga kupewa shahada mbili. Moja ya maendeleo ya jamii, moja ya ukalimani."

Siku ya kutetea utafiti niliongea nikiwa nimewapa mgongo walimu wote, nimeukodolea macho ubao. Mtahini aliyetoka Mwanza akashindwa kuvumilia.

"Samahani, huyu mama ana tatizo gani?"

"Hana tatizo," Mwalimu Jofrey akajibu. "Ni mama mkwe wangu."

"Aa," mtahini akasema. "Basi endelea tu, mama. Ila ongeza sauti."

Nikafaulu. Nilipiga magoti pale pale kwenye ukumbi wa chuo, wafagiaji wakanizunguka na mifagio yao, wakaniacha nimalize.

Nilidhani mlima umeisha. Kumbe nilikuwa nimesimama kwenye kichuguu.

Chuo chetu kina desturi yake. Ijumaa, siku moja kabla ya mahafali, kuna ibada ya kuosha miguu. Walimu wanajifunga taulo kiunoni, wanapiga magoti, na kila mwalimu anawaosha miguu wale aliowasimamia, kama Bwana wetu alivyowafanyia wake. Anaosha kwa mikono, anakausha kwa taulo. Na asiyeoshwa Ijumaa, haandamani Jumamosi. Cheti atapewa, lakini atakipokea dirishani, kama mtu anayelipia maji.

Mwalimu wangu ni nani? Jofrey. Miguu ni ya nani? Yangu.

Mtu atasema, "Mama Marieta, si uchukue hicho cheti dirishani, yaishe?"

Huyo hajui nilikokaa. Mahafali ya chuo hiki nimeyasikiliza miaka mingi kutokea nyuma ya masufuria. Mimi ndiye niliyekuwa napika pilau ya wageni. Nilikuwa nasikia jina la mtoto wa mtu likisomwa, vigelegele vinapanda, na mimi nageuza mchele. Shuleni nilitolewa darasa la tano, nikarudia masomo ukubwani. Harusi, vipaimara, mahafali, kila sherehe niliyowahi kuhudhuria katika maisha yangu nimeihudhuria nikiwa na moshi machoni. Safari hii nilitaka kutembea mbele ya watu nikiwa na joho, wengine wapike.

Nikamwendea Mchungaji Lukas, kiongozi wa ibada wa chuo. Nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza kwa uso wa mtu anayesubiri zamu yake.

"Mama, hizo ni mila. Mbele ya Kristo hakuna mkwe wala mama mkwe."

"Amina, mchungaji. Wewe nyumbani ni wapi?"

"Tukuyu."

"Mama mchungaji akienda kumsalimia baba yako, wanakaa sebule moja?"

Akavua miwani, akaifuta.

"Mke wangu," akasema polepole, "alikutana na baba yangu kwenye njia ya migombani. Akaruka mtaro. Akavunjika kifundo."

"Pole yake."

"Alikuwa amebeba keki ya watu." Akaivaa miwani. "Nitakuhamishia kwa Madam Judith. Yeye atakuosha. Usimwambie mtu kwamba mchungaji amekubali upesi hivi."

Nilitoka pale nikiimba. Shemeji yangu Machage nilimpigia simu nikamweleza, naye akaridhika. Machage ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, na tangu msiba ndiye baba wa mji wetu. Si mtu mbaya, tafadhali msimchukie. Ndiye aliyewakodi wapiga matarumbeta waje kunishangilia, na aliwaambia Buswahili nzima kwamba mke wao anakuwa msomi.

"Judith ni mwanamke?" akauliza.

"Ni mwanamke, shemeji."

"Basi na aoshe mpaka magotini."

Ijumaa ikafika. Kanisa la chuo lilijaa. Machage alikuja na wazee watatu, wakakaa benchi la mbele kabisa, fimbo zao katikati ya magoti. Jirani yangu wa sokoni, Hasna, ambaye ni Mwislamu na hajawahi kukosa shughuli yangu hata moja, alikuja na mtandio wa kijani. Prudence alitoka Musoma anakofanya kazi, akakaa karibu na dirisha.

Mabeseni yalipangwa mbele kwenye vigae. Mwalimu Jofrey kule kushoto na safu yake. Madam Judith huku kulia na safu yake, na mimi ndani yake, nimejitanda kanga mpaka kwenye nyusi.

"Shoga," Hasna akaninong'oneza nilipopita, "mtu anaoshwa miguu mara moja tu mpaka amalize chuo? Sisi mbona tunaosha mara tano kila siku na hatujapewa cheti."

Zamu yangu ikafika. Nikavua viatu, nikakaa. Madam Judith akapiga magoti, akashika mguu wangu wa kulia kwa mikono miwili, mguu huu wenye magaga ya jikoni. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Akaniombea kwa jina langu. Nikalia, na sikuficha. Hakuna aliyewahi kunishika miguu tangu mama yangu mzazi.

Akanikausha. Akasema, "Nenda kwa amani, kesho uandamane."

Nikasimama. Moyo mweupe. Wazee wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Prudence ananichekea. Nikapiga hatua moja, ya pili, na vigae vile, mabeseni yote yale yakimwagika kidogo kidogo tangu asubuhi, vikawa vinateleza kama mgongo wa samaki kamongo.

Miguu ikaenda Musoma, kichwa kikabaki Bunda.

Sikufika chini. Mikono miwili ilinidaka, mmoja begani, mmoja kiunoni, ikaninyanyua na kunisimamisha wima. Nikageuka nimshukuru msamaria.

Uso kwa uso. Mwalimu Jofrey, aliyeruka kutoka safu yake, taulo kiunoni, mikono inachuruzika maji, bado amenishika.

"Mama, umeumia?" akauliza. Kisha akajiona. Akaiachia mikono kama aliyeshika sufuria la moto.

Kanisa lilinyamaza. Wenyeji walinyamaza kwa sababu wanajua. Wageni walinyamaza kwa sababu wenyeji wamenyamaza.

Machage akainuka. Akachukua fimbo yake, akatoka, na wazee watatu nyuma yake, mmoja mmoja.

Nilimfuata mpaka nje, viatu mkononi.

"Shemeji, ningeanguka."

"Niliona."

"Angeniacha nipasuke kichwa?"

"Hapana. Amefanya vizuri. Mimi mwenyewe nisingemwacha mtu aanguke." Alikuwa anatazama chini, hasira hana, na hilo ndilo lililonitisha. "Lakini mikono imegusana, mama Prudence. Mbele ya watu. Lazima mtakaswe, wewe na yeye, mle nyama ya kondoo mmoja kwenye mji wangu, kesho, kabla kivuli hakijaingia chini ya miguu."

"Kesho adhuhuri? Kesho asubuhi ndiyo mahafali."

"Najua."

"Si tufanye Jumapili?"

"Nuksi ikilala usiku mara mbili haitoki. Mimi sipigani na shahada yako. Nawapigania wajukuu wangu wasizaliwe na kitu kimewafunga. Joho hata mwakani lipo."

"Mwakani nimeambiwa tangu nikiwa darasa la tano, shemeji."

Alinitazama, nikaona imemwingia. Lakini akatikisa kichwa. "Kama haiwezekani, ng'ombe watarudi kwao Kibara. Siwezi kuoza binti kwenye jambo lililofungwa."

Jioni ile nilifunga, nikaomba. Nilimwambia Mungu, Baba, mimi nakuamini wewe, siamini kondoo. Lakini shemeji yangu anaamini, na ukoo mzima unaamini, na binti yangu ataishi katikati yao. Nisaidie nisimwone mtu mjinga. Na kama inawezekana, Baba, nisaidie pia niandamane.

Prudence alikuwa anapasi joho langu chumba cha pili. Alipasi sehemu moja muda mrefu.

"Mama, kesho unaenda chuoni."

"Na Jofrey?"

"Jofrey atapata ng'ombe wake."

"Na wewe?"

"Mimi nina kazi Musoma." Akageuza joho upande wa pili. Lilikuwa na alama ya machozi, akaipitisha pasi juu yake, ikatoa mvuke.

Jumamosi asubuhi jua lilitoka zuri la kukera. Uwanja wa chuo ulikuwa na mahema, mashada ya nailoni yanameta shingoni mwa watu, akina mama wanapepea kanga. Nyuma ya jengo niliona moshi wa pilau ya mtu mwingine. Nikavuta harufu ile, nikajua chumvi imezidi, nikasema si shughuli yangu leo.

Wahitimu tulipangwa kwa safu barabarani, kutoka lango la chuo mpaka mlango wa ukumbi. Dotto alikuwa mbele yangu, kofia ya pembe nne imemkaa kama sinia.

"Mama, leo siendi kutafsiri kitu," akasema. "Leo nasikiliza jina langu tu."

Ndipo lori likasimama nje ya lango.

Nililitambua kabla vumbi halijatua. Ng'ombe wamesimama nyuma, pembe juu, wanautazama umati. Wapiga matarumbeta waliokodiwa wamekaa juu ya kichwa cha lori na vyombo vyao mapajani, hawajui wapige au waache, maana waliambiwa ni mahafali wakajikuta kwenye mifugo. Machage alishuka mbele akiwa amevaa koti lake la sherehe. Hata siku ya kunivunja moyo alivaa koti la sherehe.

Prudence alifika kabla yangu.

"Baba mkubwa, waondoe," alikuwa anasema. "Wapeleke Kibara. Mama anaingia ukumbini."

"Wewe kweli unataka hivyo?"

"Nataka."

Alisema kwa sauti ya juu, imenyooka. Lakini mimi nimemzaa. Vidole vyake vilikuwa vinasokota ncha ya gauni, kama alivyokuwa akifanya utotoni alipotaka kitu na anajua hakipo.

"Mama Prudence," Machage akaniambia kwa upole, "gari dogo lipo. Ukipanda sasa hivi, na mkwe wako akapanda nyuma, tunawahi. Mzee wa kutakasa ameshafika na kondoo. Ukiingia humo ndani, lori linaendelea Kibara. Niambie tu."

Ndani ya uwanja tarumbeta la chuo lililia mara moja. Ni ishara ya kuanza. Safu ikajinyoosha.

"Mama, rudi kwenye mstari," Prudence akasema. "Mama, tafadhali."

Nilitazama ukumbi. Ulikuwa umbali wa kurusha jiwe. Kisha nikatazama vidole vya mwanangu.

Nikavua kofia, nikampa Hasna aliyekuwa amesimama pembeni ya safu.

"Shoga, unafanya nini?"

"Nishikie."

Nikaanza kufungua joho. Zipu ilikwama katikati, nikaivuta, ikagoma. Wahitimu walio karibu walikuwa wanageuka. Dotto alitoka kwenye mstari nusu hatua, akarudi, akatoka tena.

"Mama," akaita, "mama, usivue. Subiri."

"Nisubiri nini?"

"Tazama mbele."

Sasa niwaambie kuhusu siwa, maana bila hilo hamtaelewa. Maandamano ya chuo chetu yanaongozwa na siwa, fimbo nene ya mti mweusi yenye msalaba wa shaba kichwani, na mwaka huu walimu walimchagua Jofrey kuibeba. Kanuni yake ni fupi na kila mmoja hapo chuoni anaijua: maandamano hayafuati mtu, yanafuata siwa. Siwa ikisimama, wote wanasimama. Siwa ikienda, wote wanaenda. Wahitimu, walimu, askofu mgeni rasmi, bendi, wote.

Jofrey alikuwa kule mbele kabisa, mlangoni mwa ukumbi, siwa begani. Alikuwa amegeuka nyuma. Alikuwa ameliona lori. Na alikuwa ameniona ninavyopambana na zipu.

Hakuweza kuniita. Mkwe haiti jina la mama mkwe uwanjani. Hakuweza kuja kunizuia. Alisimama hivyo kidogo, nikaona midomo yake inacheza, na namjua, nimekaa dirishani kwake kutosha, nikajua anaomba.

Kisha akaupa mlango wa ukumbi mgongo, akaanza kutembea kuja langoni.

Na siwa begani.

Bendi ilisita pigo moja. Halafu mpiga ngoma kubwa, mtu wa kanuni, akageuka, na wote wakageuka naye. Askofu akatazama kulia, akatazama kushoto, akashika mkongojo wake akafuata. Walimu wakafuata, majoho mekundu na ya bluu, Madam Judith, Mchungaji Lukas amekunja uso kama anayesema nilijua. Safu ya wahitimu ikapinda katikati kama nyoka aliyekanyagwa mkia, ikaanza kurudi ilikotoka. Akina mama kwenye mahema hawakujua kinachoendelea, basi wakafanya wanachojua. Wakapiga vigelegele.

Wale wa juu ya lori waliposikia vigelegele walidhani ndiyo ishara yao. Wakapuliza. Ng'ombe wakaruka, lori likayumba.

Jofrey alikuja hadi hatua chache kutoka kwa Machage, akasimama. Nyuma yake chuo kikuu kizima kikasimama. Aligeuza uso pembeni ili asinione, akainamisha kichwa.

"Baba," akasema, "umesema mimi na yeye twende Buswahili kabla ya adhuhuri. Nimekuja. Lakini siwezi kuiweka chini fimbo hii mpaka mahafali yaishe, na hawa wote lazima waifuate. Kama una nafasi ya kuwapokea, utuongoze njia."

Machage alitazama siwa. Akamtazama askofu, aliyekuwa anahema na kutabasamu kwa adabu. Akatazama majoho, safu yote, mpaka mwisho wa barabara. Wazee wake watatu wakamsogelea, wakaanza kusemezana kwa lugha ya nyumbani, kwa haraka, na mmoja wao alikuwa tayari anahesabu vichwa.

Mimi nilikuwa nimesimama joho nusu limefunguka, Prudence amenishika mkono kwa nguvu hadi unauma.

Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Mzee, sasa niwashe au nizime?"